Umekunywa Dawa?

Kila asubuhi mke wangu huniuliza swali moja. Huliuliza akiwa jikoni, amenipa mgongo, anakoroga uji au anageuza chapati za jana kwenye kikaango: "Baba Rehema, umekunywa dawa?" Nami hujibu kutoka chumbani: "Nimekunywa." Wengi wenu mnaosoma haya mna swali hilo hilo nyumbani kwenu, la presha au la sukari, na mnalijibu bila kufikiri. Nami nililijibu bila kufikiri, mpaka nilipoanza kulijibu kwa kufikiri sana. Hapo ndipo nilipoharibu.

Naandika kwa ajili ya wenye homa ya ini, na hasa kwa wanaume wazee kama mimi, tuliokuja kuzeekea huku Washington na Maryland, tunaoona afadhali kuumwa kuliko kuulizwa. Mimi si daktari. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikafanya kazi bandarini, kisha nikaja huku nikalinda maegesho ya magari chini ya jengo moja pale Shaw mpaka nikastaafu. Ninachokijua ni ini langu tu, na hilo nimelijua kwa kuchelewa.

Lilianza majani yalipokuwa yakipukutika. Nilikuwa nachoka. Si uchovu wa kulala kitandani, ni ule wa kupanda ngazi za nyumba yako mwenyewe ukasimama katikati ukijifanya unatafuta funguo. Daktari wa kliniki yetu ya Hyattsville alitaka damu, kisha damu nyingine, kisha picha ya tumbo, ile wanayokupaka majimaji ya baridi kama samaki anayetiwa ndimu. Siku zile ndipo nilipojifunza vyumba vya kungojea. Kile cha maabara kina viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti ambamo mtu anapika keki saa zote. Kile cha picha kina zulia, na watu hawasalimiani. Mama Rehema alinisindikiza kote, tasbihi mkononi na kashata mkobani, na mara nyingi kashata ziliishia kwa watoto wa watu tusiojua hata lugha yao.

Jibu lilikuwa homa ya ini, ile inayoitwa B. Daktari alisema huenda niliipata utotoni, na kwamba ilikuwa imekaa kimya miaka yote hiyo ikilitia ini makovu. Nikaandikiwa kidonge kimoja kila siku. "Usikiache bila kuniambia," alisema. "Ukikiacha ghafla, kirusi kinaweza kuamka kwa kishindo." Nilisikia vizuri. Nataka mjue hivyo: nilisikia vizuri kabisa.

Mke wangu na binti yetu Rehema, anayekaa Laurel na kufanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani, walipimwa nao. Rehema alikuwa salama, na chanjo alishapata kwa ajili ya kazi yake. Mama Rehema aliambiwa kwamba aliwahi kukutana na kirusi hicho zamani na mwili wake ukakishinda wenyewe. Alifurahi kupita kiasi.

"Mwili wangu umemshinda mdudu wako, Baba Rehema," aliniambia kituoni tukingoja basi. "Kama nilivyomshinda mama yako."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Kisha akaongeza jambo ambalo wazee wenzangu watalielewa. Zamani, nikiwa bandarini naye yuko kwao Pangani, nilikuwa namwandikia barua, na kila barua nikiianza hivi: "Kwako wewe, nyongo mkalia ini." Vijana wa wakati ule wengi tuliandika hivyo. Nyongo haibanduki kwenye ini, na mpenzi ndivyo alivyotakiwa kuwa. Mama Rehema alitazama barabara kuona kama basi linakuja, akasema, "Kumbe miaka yote hii nimekalia ini bovu."

Majira ya baridi yakapita hivyo, kwa utani. Chupa ya vidonge ikakaa juu ya friji, karibu na kopo la asali, na swali la asubuhi likazaliwa.

Ramadhani mwaka ule iliingia theluji ya mwisho ikiyeyuka. Daktari aliniruhusu kufunga kwa masharti, kidonge nikinywe wakati wa daku. Siku moja tulialika watu kufuturu, akiwemo Bwana mmoja nitakayemwita Shomari, aliyewahi kuwa muuzaji katika duka la dawa Dar es Salaam. Mtu mwema, ila mdomo wake hauna mlango. Alikwenda kuchukua maji kwenye friji, akaiona chupa, akaigeuza kusoma.

"Mzee Athumani, hivi vidonge navijua," alisema. "Kwetu hivi wanapewa wale..." Akakatisha. Akatazama wageni. "Wale wa kliniki ile."

Kila mtu sebuleni alielewa kliniki ipi. Na kweli, kidonge kile kile hutumika pia kwa wenye virusi vya UKIMWI. Ningeweza kulieleza kwa sentensi moja: ni cha ini. Na hata ungekuwa ule mwingine, ugonjwa si aibu. Lakini vijiko vilikuwa vimesimama kwenye uji, na macho yalikuwa kwangu, na mdomo wangu ukatoa maneno mengine.

"Hivyo si vyangu," nilisema.

Ndani ya nyumba ile tulikuwa tunaishi watu wawili tu. Macho yakahama kutoka kwangu, yakaenda kwa mke wangu, ambaye alikuwa ameshika sinia la sambusa. Akalizungusha. Akamkaribisha Shomari kwanza.

Walipoondoka, aliosha vyombo vyote ndipo akauliza, bila kunitazama: "Kwa hiyo ni vyangu?"

"Nilitaka kusema..."

"Hukusema."

Kwa Kiswahili tunasema maneno fulani yanakata maini. Nilidhani ni ya Shomari yaliyonikata mimi. Sikufikiri kwamba neno langu lilikuwa limemkata yeye.

Kesho yake niliitoa chupa juu ya friji nikaitia mfukoni mwa koti langu zito, kabatini. Nilimwambia Mama Rehema kwamba sitaki tena wageni waione. Alikubali. Siku nyingine nilikinywa kidonge, siku nyingine nikakipita, kwa sababu kila nikigusa chupa ile niliwaona watu wa futari wamekaa ndani yake.

Katika siku hizo ndipo rafiki yangu Kiprono aliponipeleka kwa Mama Lin. Kiprono ni Mkenya wa bara, jirani yetu wa mlango wa pili, mzee mwenye goti bovu na gari zuri. Mama Lin ni tabibu wa Kichina mwenye kliniki ndogo Rockville, juu ya duka la miwani. Amemtulizia goti lake kwa sindano nyembamba za Kichina, zile zisizo na dawa ndani.

"Wewe unaogopa sindano aje, na unatoa damu kila wiki?" Kiprono aliniuliza njiani. "Za huyu mama ni kama kuumwa na siafu mmoja mwenye adabu."

Chumba cha kungojea cha Mama Lin ndicho pekee ambamo nimewahi kupata usingizi. Kina harufu ya mizizi mikavu, na birika la maji ya moto ambalo kila mtu hujimiminia. Alinishika mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo ya damu, upande mmoja kisha upande wa pili, kama mtu anayesikiliza mazungumzo nyuma ya ukuta. Akautazama ulimi wangu. Akanilaza, akanichoma sindano juu ya mguu, kati ya kidole gumba na cha pili.

Alizungumza Kiingereza cha polepole kama changu, tukaelewana vizuri. Alisema kwao majira ya kuchipua ndiyo majira ya ini, na kwa hesabu yao huanza theluji ikiwa bado iko chini. Ini ni kama mti, linataka kunyooka. Lisaidiwe: lala mapema, tembea asubuhi, kula mboga za majani, punguza mafuta. "Usilitwishe mzigo," alisema. Kisha akasema hasira nayo hukaa kwenye ini. "Una hasira na nani?"

"Sina hasira na mtu."

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha pili, Kiprono akacheka. "Mzee, ambia mama ukweli. Huyu si polisi."

Sikuwa na hasira na Shomari. Nilikuwa na hasira na mtu mmoja tu, naye alikuwa amelala pale na sindano miguuni.

Kabla sijatoka aliniuliza kama natumia dawa ya hospitali. Nikasema ndiyo. "Vizuri. Usiiache," alisema. "Mimi sitakupa majani ya kunywa. Yako majani yanayolichosha ini, na ini lako lina daktari wake. Chai hii ya maua, hata mjukuu anaweza kuinywa. Zaidi ya hapo, hapana." Akanipa pakiti ya maua makavu meupe yenye kiini cha njano.

Sasa tazameni akili ya mtu anayetafuta ruhusa. Katika maneno yote ya mama yule, mimi nilichukua mawili: *usilitwishe mzigo*. Mzigo nikaamua ni kidonge. Na aliponinyima majani, nikakumbuka waganga wa kwetu, ambao wakikunyima dawa ujue wanangoja uongeze kitu. Nikasema huyu anaficha ile nzuri. Wiki hiyo hiyo nikaingia duka moja la vyakula vya Kiasia, nikakuta pakiti zenye picha ya jani la kijani na maandishi ya kusafisha ini majira ya kuchipua. Nikanunua. Muuzaji hakunishauri wala hakunizuia. Ni kijana aliyekuwa akipanga tambi.

Nikaanza kuchemsha. Jikoni kukanukia udongo uliopata mvua. Mama Rehema alijua nimetoka kwa tabibu, akadhani ni majani yake, nami nikamwacha adhani. Kidonge nikakiacha kabisa.

"Baba Rehema, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

Na ndiyo, nilikuwa nimekunywa. Kiswahili chetu kina ukarimu mkubwa. Mtu anakunywa maji, anakunywa chai, na kidonge nacho anakinywa. Dawa ni kidonge, dawa ni majani, iko dawa ya meno, ya viatu na ya mende. Kila asubuhi nilijificha ndani ya neno hilo kama mtu aliyejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sikumdanganya hata siku moja. Ndivyo nilivyojiambia.

Mwanzoni nilijisikia mwepesi, na hili ndilo linalowaponza wengi. Sikukuu ikapita. Miti ya mtaa wetu ikachanua, kisha ikaanza kumwaga chavua, ule unga wa njano unaofunika kila kitu huku. Gari la Kiprono jeusi likawa la njano, akaandika kwa kidole juu ya boneti: NIOSHE. Watu wote walikuwa wanapiga chafya na kufikicha macho. Hivyo macho yangu yalipoanza kubadilika, nilikuwa na jibu tayari.

"Chavua," nilimwambia mke wangu.

"Chavua inawasha. Haipaki rangi."

"Kwa wengine inapaka."

Nikanunua dawa ya macho, nikaongeza dawa nyingine katika hesabu ya dawa. Lakini mwili ulikuwa unasema. Harufu ya kitunguu kikikaangwa, ambayo nimeipenda maisha yangu yote, ilinifukuza jikoni. Ngozi ikawasha bila upele. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Suruali zikaanza kunikimbia kiunoni, na tumbo, kinyume chake, likajaa.

Nilirudi kwa Mama Lin kwa sababu ilikuwa zamu ya goti la Kiprono. Hakunishika mkono safari hii. Alinivuta hadi dirishani, akaivuta kope yangu ya chini kwa kidole gumba, akatazama jicho moja, kisha la pili.

"Dawa gani unakunywa?" aliuliza.

Nikafungua mkoba nikampa pakiti. Akaisoma mbele na nyuma.

"Na kidonge?"

Nikafunga mkoba. Birika lilikuwa linachemka, Kiprono amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mama Lin akaomba namba ya mke wangu, akapiga hapo hapo, akaweka sauti wote tusikie. Alimwambia kwamba nimekuwa wa njano na lazima niende hospitali sasa, si kesho. Kisha akamuuliza kama nakunywa dawa yangu.

"Anakunywa," sauti ya Mama Rehema ilisema kwa Kiingereza chake cha kazini. "Kila siku namuuliza. Kila siku ananijibu."

"Sasa hivi amenipa majani ya dukani," Mama Lin alisema. "Kidonge, hanijibu."

Kisha nikasikia Kiswahili, sauti ndogo, si ya hasira, kama mtu aliyeulizwa njia naye kumbe amepotea.

"Baba Rehema. Ulikuwa unakunywa ipi?"

Kiprono aliniendesha. Alijaribu utani, maana ndivyo anavyopenda watu. "Mzee, wewe ni kichwa ngumu. Lakini hutakufa ndani ya hii gari, nimeiosha juzi." Taa ya barabarani ilipotuzuia, aliweka mkono wake juu ya goti langu, hakuutoa mpaka ikawa kijani.

Hospitali walinipa kitanda. Ingawa Kiingereza najua, muuguzi alisisitiza mkalimani kwa simu. Mkalimani alikuwa mama wa Kikongo. "Baba," aliniambia, "munganga anauliza: kinini uliacha kukunywa tangu siku gani?" Kinini kwao ni kidonge, kidonge tu. Hakiwezi kuwa majani wala chai. Nililala pale nikiwaza kwamba kama ningeoa Mkongo nisingekuwa na pa kujificha.

Nikamjibu ukweli. Nikasema tangu lini, na kwa nini, na nini nilikuwa nakunywa badala yake. Ilichukua muda, na mama yule alitafsiri neno kwa neno bila kunihukumu. Mwisho akaongeza la kwake: "Pole sana, Baba yangu." Sijui jina lake mpaka leo.

Kirusi kilikuwa kimeamka, kama nilivyoonywa, na majani yale, daktari alisema, huenda yaliongeza moto juu ya moto. Kidonge kikarudishwa siku ile ile. Lakini ini lingeweza kurudi au lingeweza kukataa, na likikataa wangezungumza habari ya ini la mtu mwingine. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja damu ya kila asubuhi.

Rehema alifika na nguo zake za kazi. "Baba, uli-stop kwa sababu ya Shomari? Seriously? Ungekufa, Baba. Ungekufa ukimwogopa Shomari!" Alisema mengi, mengine kwa Kiingereza, maana hasira zake hukimbilia huko. Alipomaliza, aliona soksi yangu moja imegeuka, akapiga magoti akanivisha upya, akabaki ameushika mguu wangu.

Mama yake alikuja kila siku na chupa ya uji ambao sikuweza kuumaliza. Alinipaka mafuta mgongoni panapowasha. Siku moja alitoa mkasi mkobani akaanza kunikata kucha za miguu, polepole, na hapo ndipo aliposema.

"Siku ile ulisema vidonge si vyako, nikanyamaza. Na ini nalo ulitaka kusema si lako?" Akapuliza kucha. "Basi nipe mimi. Nimelikalia miaka mingi, ni haki yangu."

Nililia. Mzee mzima, mguu mmoja mapajani mwa mke wangu. Nilimwambia, "Nisamehe, Mama Rehema. Nilikutupia aibu yangu mbele za watu, kisha nikakudanganya kwa neno la kweli." Alimaliza ule mguu, akadai wa pili. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Usitikisike, nitakukata."

Damu ikaanza kusema vizuri. Kidogo, kisha zaidi. Kiangazi chote niliishi kati ya kiti cha dirishani na maabara. Unjano ulitoka kwenye viganja kwanza, macho yakawa ya mwisho. Mama Rehema alikuwa ananipeleka dirishani kila asubuhi na kuvuta kope kama alivyosikia kwamba Mama Lin alifanya. Miguu ilikuwa imekonda kiasi cha mimi kuiona ya baba yangu. Siku nilipoomba kitunguu kikaangwe nisikie harufu yake, alikaanga viwili, wala hakuwa na mboga ya kuvitilia.

Lakini swali la asubuhi lilibadilika. Aliliuliza sasa akiwa amegeuka, ananitazama.

"Umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

"Ipi?"

Nilimwonyesha kidonge ulimini kabla ya kumeza, kama mtoto. Sikulalamika. Neno lile dogo nililipanda mwenyewe, na kila asubuhi nilivuna. Kuna siku alisahau uji motoni ukaungua akingoja jibu la "Ipi?"

Majani yalipopukutika tena, daktari wa hospitali aliniruhusu kurudi kwa Mama Lin kwa ajili ya sindano, usingizi na mazoezi, mradi nisimeze chochote asichokijua. Mama Rehema alifuatana nami. Niliomba radhi. Mama Lin alitumiminia maji ya moto, akasema kaka yake ana ugonjwa huu huu, naye aliwahi kuficha vidonge vyake ndani ya kopo la chai.

"Alikuwa anamficha nani?" mke wangu aliuliza.

"Mkewe."

Wakatazamana wanawake wale wawili, wakacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa.

Hivyo nawaambia wenzangu: sindano zile zinanituliza, matembezi ya asubuhi yamenirudishia miguu, na maneno ya ini na hasira nimeyakuta ni ya kweli kwangu. Lakini hakuna aliyeniambia niache kidonge, si Mchina wala Mmarekani. Niliamua mwenyewe. Mwambieni kila tabibu mnachomeza, hata kama mnakiita chai, na wapelekeni watu wa nyumbani mwenu wakapimwe.

Ramadhani iliyofuata ilikuja mapema zaidi. Safari hii daktari alinikataza kufunga, nami nikatii. Lakini futari ya kualika watu ilikuwepo, na niliomba Shomari aalikwe. Mama Rehema alinitazama tu, akaongeza viazi.

Watu walipokaa mkekani, nikaenda kabatini nikatoa chupa mfukoni mwa koti, nikaiweka katikati, kati ya tende na bakuli la uji.

"Bwana Shomari," nilisema, "mwaka jana ulisema vidonge hivi unavijua. Mimi nikasema si vyangu. Nilisema uongo. Ni vyangu, vya homa ya ini. Mama Rehema hana ugonjwa wowote isipokuwa mimi."

Kiprono, aliyekuja kwa ajili ya sambusa, akasema "Amina" kwa sauti ya kanisani kwao, na watu wakacheka. Shomari hakucheka. Aliishika chupa, akaiweka chini taratibu.

"Mzee," alisema, "mimi sijawahi kupimwa hiyo. Miaka yote nimeuza dawa zake." Kabla hajaondoka nilimwona jikoni anamuuliza Mama Rehema, kwa sauti ya chini, kliniki yetu iko wapi. Naye akamweleza basi la kupanda, kisha akamfungia sambusa za njiani.

Chupa niliirudisha juu ya friji, karibu na asali.

Siku zilizofuata "Ipi?" iliendelea, sikutegemea vinginevyo. Ikafika asubuhi ya sikukuu. Nje mti wa mbele ulikuwa umeanza kutoa vijichipukizi vyekundu, bado bila jani. Nilikuwa chumbani nafunga vifungo vya kanzu inayonitosha tena. Jikoni mafuta yalikuwa yanalia, harufu ya kitunguu imejaa nyumba.

"Baba Rehema, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa."

Nikasimama na kidole kwenye kifungo, nangoja. Nilisikia kijiko kikigonga sufuria. Nikatoka hadi mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amenipa mgongo.

"Njoo basi uonje chumvi," alisema.